Wimbo wa Ngamia Waliokwisha Kunywa

Mdogo wangu hanywi maji baridi. Hapigi kelele, hakai karibu na moshi, na asubuhi hasemi na mtu mpaka saa nne, kwa sababu koo lake ndilo kazi yake. Nayajua haya yote maana mama yetu huyatangaza nyumbani kila anaposikia kwamba mtoto yuko njiani kuja. Koo langu mimi halina masharti. Kila alfajiri niko hapa Isiolo mjini, nimeinamia vyombo vya maziwa ya ngamia, navifukiza kwa vijiti vinavyowaka ili maziwa yasiharibike kabla ya kufika Nairobi. Moshi unaniingia puani, unaniingia kifuani, nao wateja wangu wanasifu harufu yake. Hakuna aliyewahi kuniuliza koo limeamkaje.

Bora niseme mapema. Namwonea wivu. Si wivu wa kupita, wa kuona mtu amevaa kiatu kizuri ukatamani. Ni kijiba cha roho, na kimekaa nami miaka mingi kuliko mume wangu.

Yeye ni mwimbaji wa opera huko Ujerumani, mwenye ile sauti ya juu kabisa ambayo kwenye kwaya za shule tulikuwa tunaiita soprano. Mama alipouliza ni kazi gani hiyo, mimi ndiye niliyemweleza, maana kila kitu kumhusu huyu mtu hunipitia mimi. Nilimwambia ni mchezo wa kuigiza ambamo mtu hata akitaka chumvi anaiomba kwa kuimba. Hakuna maiki. Mbele yake, shimoni, wamekaa watu hamsini au sitini wanapiga ala, na sauti yake lazima ipite juu yao wote imfikie aliyekaa kiti cha mwisho kabisa. Mama alifikiri kidogo, akasema, "Ni kama kuita mtu ng'ambo ya Waso mto ukiwa umejaa." Nikasema ndiyo, ni hivyo hivyo. Niliudhika kwamba ameelewa haraka.

Mimi ndiye niliyeimba kwanza. Nataka hilo lijulikane, hata kama halimsaidii mtu. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa muziki, Mmeru mmoja mpole aliyevaa sweta mwaka mzima hata katika jua la Isiolo, alinitoa kwenye mstari wa kwaya akaniweka mbele peke yangu. Alisema sauti yangu inakwenda juu bila kupanda ngazi. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya shule. Nikafanya mazoezi wiki tatu, nikitembea uwanjani kama mtu mwenye shamba. Wiki ya nne, mtu mmoja akamnong'oneza baba baada ya swala kwamba binti yake atasimama jukwaani kuimba mbele ya wanaume. Baba alikuwa msafirishaji wa mifugo. Alikuja na lori mpaka dirishani mwa chumba cha muziki, mbuzi wa watu wakilia huko nyuma. Hata kushuka hakushuka. Alisema neno moja tu: "Toka." Nikatoka, wimbo ukiwa katikati.

Miaka sita baadaye mdogo wangu aliingia shule ile ile, akachaguliwa na mwalimu yule yule, nadhani hata sweta ilikuwa ile ile. Baba alinung'unika siku tatu. Siku ya nne mama akamwambia, "Wacha mtoto. Dunia imebadilika, na wewe umezeeka." Akawacha. Mtoto alipoleta kikombe nyumbani, baba alichinja mbuzi. Nilikuwa nimeolewa tayari, nikaitwa nije nipike. Nilikata nyama ile vipande vidogo vidogo mpaka mama akaniuliza kama nimegombana na kisu. Ndivyo mambo yalivyo kwa kifungua mimba: wewe unafyeka miiba kwa mikono mitupu, kisha anayekufuata anapita amevaa viatu vyeupe, na watu wanasifu viatu.

Lakini nimeruka jambo, na ndilo kubwa kuliko yote.

Baada ya kutolewa kwenye kwaya, likizo ilipofika, baba alinituma Sericho kwa akko. Akko ni bibi. Sisi Waborana ndivyo tunavyomwita. Hakuna aliyeiita adhabu, lakini Sericho wakati wa kiangazi si mahali pa kumpeleka mtoto unayemfurahia. Maji hupatikana kwa kuchimba. Wanaume wanashuka kisimani, wanasimama mmoja juu ya mwingine, ndoo inapanda mkono kwa mkono, na maji yanamwagwa kwenye hori la udongo lililojengwa pale juu. Kazi iliyobaki ni ya kupanga ngamia. Ngamia arobaini wenye kiu wakija kwa pamoja watavunja hori na kuwaangukia watu walio chini. Kwa hiyo huitwa kundi kwa kundi, na hawaitwi kwa fimbo. Huitwa kwa kuimba.

Kila nyumba ina nyimbo zake mbili. Kuna wa kuita: ukiuimba, ngamia wa nyumba yako wanasogea, na wa jirani wanabaki wamesimama kama hawajasikia kitu. Kuna wa kuondoa: wakishakunywa unauimba, nao wanageuka polepole, midomo ikidondosha maji, wanapisha wenzao. Nyimbo hizi mtu hajifunzi hivi hivi tu. Anapewa. Sauti ya akko ilikuwa imekwisha mwaka ule, kwa hiyo alinikalisha jioni moja, akaniimbia zote mbili kwa sauti ya kukwaruza, akanitemea mate kidogo kiganjani kwa baraka, akanikunja vidole. "Sasa ni zako," akasema.

Asubuhi iliyofuata niliimba. Ngamia kumi na wawili waliinua shingo, wakanijia. Siwezi kueleza vizuri. Niliyenyimwa jukwaa nilikuwa nimesimama mavumbini, na wanyama wakubwa kama nyumba wananitii. Nililia, nikasingizia vumbi. Wimbo ule wa kuita ulikuwa kitu changu cha kwanza ambacho hakuna mtu angekuja na lori kunitoa.

Likizo iliyofuata mdogo wangu naye alikuja. Alikuwa na miaka kumi, mbavu tupu, na masikio yake wazi. Siku ya kwanza tu akaanza, "Nipe na mimi. Dada, nipe na mimi wimbo." Alinifuata kwenye kuni, alinifuata kwenye kukamua. Hata akiomba alikuwa anaomba kwa sauti nzuri, na hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimeshaisikia. Msichana wa kidato cha pili aliyefundishwa muziki wiki tatu anajua kutofautisha sauti na sauti. Nilijua kwamba nikimpa wimbo wa kuita, ngamia wale hawataniangalia tena.

Basi jioni moja, akko akiwa amekwenda kumwona jirani aliyejifungua, nilimkalisha mtoto nikamfundisha. Nilimwambia huu ndio wa kuita. Nikamfundisha ule wa kuondoa. Aliushika wote kabla chai haijachemka. Kisha nikamtemea mate kiganjani, nikamkunja vidole kama nilivyokunjwa mimi, nikamwambia asiuimbe kamwe horini mpaka siku nitakapomruhusu. Siku zote za likizo ile nilimpanga na watoto wa mbuzi, nyuma ya migunga, mahali pa kusikia lakini si pa kuona. Naandika haya na uso unawaka. Wakati ule haukuwaka. Nililala vizuri sana.

Kilichofuata katika maisha yake kila mtu Isiolo anakijua, maana baba hukisimulia kwenye hoteli ya chai bila kuulizwa. Baba yule yule wa "toka". Mdogo wangu alipomaliza shule alipata mfadhili, akasomea muziki Nairobi. Huko akaja mwalimu mgeni akamsikia, akamtafutia nafasi Ujerumani. Mwaka wa kwanza alikuwa akilazwa sakafuni na vitabu tumboni ili ajifunze kupumua, na alikuwa akikariri nyimbo za lugha asizozijua, neno kwa neno, kama sisi tulivyokariri madrasa tukiwa wadogo. Alipopata kazi, alianza kama mjakazi. Si mjakazi wa kweli, wa kwenye mchezo: anaingia na sinia, anaimba maneno manne, anatoka. Mwaka wa pili akapanda cheo, akawa mjakazi anayeleta barua. Nilikuwa nampigia simu nikimwuliza, "Bado uko na sinia?" Alikuwa anacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Nilitaka abaki na ile sinia.

Kisha siku moja mwimbaji mkuu akapotewa na sauti saa sita mchana, na mdogo wangu, ambaye alikuwa amekaa nyuma ya pazia na sinia yake miezi mingi akisikiliza, alikuwa ameshashika sehemu yote bila kufundishwa. Aliimba jioni ile. Hakurudi tena kwenye sinia. Wakati ule ningepaswa kujiuliza ni mtu wa namna gani huyu, anayeshika nyimbo za wengine kwa kukaa tu pembeni. Sikujiuliza. Nilikuwa na shughuli ya kuumia.

Aliwahi kuniambia kwamba mara mbili alinyimwa kazi kwa sababu uso wake, walisema, haufanani na hadithi. Alikuwa analia. Nilimwambia pole. Moyoni nilisema, wewe angalau walikuacha umalize wimbo.

Sasa kuna hii video. Aliituma miaka michache iliyopita, nami niliifungua pale kwenye maziwa, mwenzangu tunayefanya naye biashara akichungulia begani. Alikuwa peke yake na mpiga piano, gauni la kijani, watu wengi wamekaa kimya. Alipomaliza nyimbo zote akainama, watu wakapiga makofi, hawakutaka aende. Basi akasema maneno fulani kwa Kijerumani. Nilishika neno moja tu, lile la ngamia, kwa kuwa linafanana na la Kiingereza. Watu wakacheka. Akafungua mdomo, akaimba wimbo wa kuondoa.

Aliuimba mpaka mwisho. Nilikaa chini juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilicheka mpaka shuka langu likalowa machozi, na mwenzangu akawa ananipiga mgongoni, "Wewe! Ni nini? Si anaimba poa?" Sikuweza kumwambia. Nilielewa hivi: msichana huyu anawaambia Wazungu hivi ndivyo watu wetu wanavyoita ngamia kwenye maji, nao wanapiga makofi, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba anawafukuza. Tangu siku ile kila video aliyotuma niliikimbiza mbele mpaka mwisho. Kila mara alifunga na ule ule. Hapo ndipo nilipokuwa napata dawa yangu. Baba akiringa hotelini, mama akilia kwa furaha, mimi nilikuwa na siri yangu mfukoni: anaimba uongo, na uongo ni wangu.

Mwaka jana, kiangazi, alikuja nyumbani. Alikuwa hajaja tangu akko afariki. Nyumba ikageuka. Redio ilizimwa, watoto wangu wakaambiwa watembee polepole, mama akawa anazunguka na kidole mdomoni. "Nyamazeni, koo la mtoto limelala." Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, amejifunga skafu, ananiandikia kwenye karatasi kwamba anaomba maji ya uvuguvugu. Nilimletea. Niliyaleta ya moto sana, kisha nikaona aibu nikayarudisha.

Jioni wanawake wa mtaa walikuja kumsalimia. "Salaam aleikum, wapi huyo binti tumsikie?" Akawaimbia pale sebuleni. Vikombe vya mama kabatini vilianza kutetemeka, kweli kabisa, na mwanamke mmoja mwenye duka la vitambaa alishika kifua akasema, "Hii sauti iko na mlango wa pili ndani." Mwingine akanigeukia kwa wema tu. "Na wewe dada mkubwa, wewe huimbi?" Kabla sijafungua mdomo mama akanijibia. "Huyu ni wa maziwa."

Baba mdogo, anayetunza ngamia wa nyumba yetu kule Sericho, alipiga simu kesho yake. "Mlete huku. Ngamia zisikie hiyo sauti ya Ulaya. Tuone kama zitaielewa." Mdogo wangu akasema anataka sana kwenda. Mimi ndiye niliyetafuta gari. Nilitafuta kwa bidii ambayo mama aliisifu. Nilikuwa najua kitakachotokea. Atasimama horini mbele ya baba mdogo na wachota maji wote, ataimba wimbo niliompa, na ngamia wenye kiu watamgeuzia mkia waende zao. Watu wataangua kicheko kisikike mpaka Modogashe. Wala sikuhitaji kufanya chochote. Nilihitaji tu kunyamaza.

Na safari ya Sericho ni ndefu, ina nafasi ya kutosha ya kunyamaza. Tulipita Kula Mawe nikanyamaza. Tulipumzika Garbatulla, tukanywa chai, nami nikaanza kukohoa kile kikohozi changu cha kazini. Alivua skafu yake shingoni akanifunga mimi. "Hicho kifua, dada. Ni ule moshi. Lazima uende hospitali," akasema, akaanza kunisugua mgongo palepale mbele ya watu. Nikaona ni vibaya kuendelea kunyamaza. Nikasema, "Sikiza, kuna kitu," naye akanisogelea. Wakati huo huo simu yake ikalia. Akaanza kuongea Kijerumani, akicheka kile kicheko chake kidogo cha kulinda koo, na alipokata akanieleza kwamba amepewa sehemu kubwa msimu unaokuja, ile aliyokuwa akiitamani tangu mwanzo. "Ulitaka kusema nini?" akauliza. Nikamwambia chai imepoa.

Asubuhi tulikuwa kisimani mapema. Wachota maji walishashuka, wimbo wao wa kazi unatoka shimoni, hori linajaa. Kundi la kwanza lilikuwa limesimama mbali kidogo, shingo juu, linasubiri. Kwa kawaida nikiwapo, mimi ndiye huita. Mara mbili tatu kila kiangazi nakuja, na ngamia wale wananijua. Baba mdogo alinipita akamsukuma mdogo wangu mbele. "Haya, wa Ulaya. Ita hizi ngamia. Ziko na kiu."

Alinitazama. Mpaka leo nauona ule mtazamo. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja, hata kutikisa kichwa tu kungetosha. Nikaangalia viatu vyangu.

Akaimba wimbo wa kuita.

Si kwa ile sauti ya kutetemesha vikombe. Aliuimba chini, kwa urahisi, kama mimi ninavyouimba, hata pale katikati ninapovuta pumzi mahali pasipofaa, naye alivuta palepale. Ngamia waliinua masikio. Wakaja, wote, wakainamisha shingo zao wakanywa. Baba mdogo akasema mashallah, na kule chini kisimani mtu akapiga kelele kunisalimu, akidhani ni mimi.

Waswahili husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa nimesimama juu ya kisima cha kweli, ndiyo maana nausema. Wivu niliouhisi wakati ule haukuwa wa kijiba tena; ulinijaa mpaka machoni. Nilimshika mkono nikamvuta pembeni kama mtu anayemshika mwizi sokoni.

"Umejulia wapi hiyo?"

"Kwako."

"Mimi sikukufundisha hiyo."

"Jioni ulinifundisha mmoja," akasema. "Halafu asubuhi nikiwa na watoto wa mbuzi nasikia unaimba mbili. Ukiimba ile ingine, vumbi inakuja kwa kisima. Ukiimba yangu, vumbi inatoka. Nilikuwa mtoto, dada. Sikuwa kiziwi."

Miaka yote ile. Niliuliza swali la kijinga. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umenitemea mate kwa mkono. Mtu akikupa kitu, huulizi kama amebaki na kizuri."

"Na kule Ujerumani unawaambia nini? Wakati unaimba ile yako?"

Akatabasamu, akishika koo. "Nawaambia ukweli. Kwamba huu ni wa kuambia ngamia zimekunywa, zimeshiba, sasa zirudi nyumbani. Wanacheka. Nikimaliza wanachukua makoti yao wanaenda."

Kwa hiyo hata kicheko changu juu ya ile ndoo kilikuwa bure. Wao walikuwa wanajua. Watu wote ukumbini walikuwa wanajua, na aliyedanganyika alikuwa mmoja tu, yuko Isiolo, ananuka moshi.

"Na leo?" nikasema. "Leo umeichukua mbele ya kila mtu."

"Ngamia zilikuwa na kiu, dada. Na wewe ulikuwa unaangalia chini. Ningefanya nini?" Kisha akasema kwa sauti ya polepole, "Kule sijawahi kuiimba. Hata bafuni. Wameniomba nyimbo za nyumbani mara nyingi, nawapa ile moja tu. Hii ni yako. Hukunipa." Akafungua kiganja chake akakiinua mbele yangu, kama alivyofanya akiwa na miaka kumi. "Nipe sasa."

Nilikitazama kile kiganja. Ngamia walikuwa wamemaliza kunywa, wanasukumana, na baba mdogo alikuwa anaita kwamba kundi la pili linangoja. Nikamwambia, "Kundi la pili linangoja," nikamwacha pale na mkono wake, nikaenda horini nikaimba wa kuondoa. Sauti ilinikatika mara mbili. Ngamia waliondoka hivyo hivyo, kwa heshima ya mazoea nadhani. Nilipogeuka alikuwa ameshafunga kiganja na anasaidia kumwaga maji.

Hakuniomba tena. Siku ya kuondoka alinikumbatia, akanikumbusha hospitali, akaniachia ile skafu. Video bado anatuma. Nazitazama kutoka mwanzo siku hizi, sizikimbizi. Mwisho anasema maneno yake, watu wanacheka, anaimba ule niliompa, wanasimama, na kweli nimeona, wanachukua makoti.

Wivu haukuniisha. Mtu asinihesabu kati ya waliotubu. Umehama tu mahali pa kukaa. Zamani nilimwonea gere sauti yake, na sauti ni ya Mungu, humpa amtakaye; ningeweza siku moja kuizoea. Lakini kusikia kitu kizuri ukiwa na miaka kumi, ukakishika chote, ukakaa nacho miaka ishirini na zaidi bila kukigusa kwa sababu mwenyewe hajakupa, na mwenyewe ni mtu aliyekudanganya! Hilo nimejaribu kulipima kwangu na halinitoshi popote. Namwonea wivu hata usingizi wake.

Wiki iliyopita alipiga simu kwamba anakuja tena kiangazi hiki. Mama ameanza kutangaza masharti yake: hakuna maji baridi, hakuna moshi, hakuna redio. Nilimsikiliza nikiwa nimesimama mlangoni, nikaenda kazini. Asubuhi ile nilimwambia mwenzangu afukize yeye vyombo, nikamwambia nina mafua. Kesho yake nikamwambia vile vile. Leo ni siku ya saba, na ameanza kuniangalia kwa jicho la upande, lakini anafukiza. Mimi nakaa upande wa mlango, ambako kuna upepo, najifunga skafu, nakunywa maji ya uvuguvugu.

Sijasema kwamba nitampa. Lakini wimbo wa nyumba hautolewi kwa mate peke yake. Anayeutoa lazima auimbe kwanza, wote, mbele ya anayepokea. Na yule ana masikio yale yale. Sitaki asikie umechakaa.